Mkurugenzi mpya aanzie sokoni Marikiti
Kama kikundi chenu cha kugawa chakula, iwe Mathare au Mukuru jijini Nairobi, kimepata mkurugenzi mpya, msingoje mkutano wa utambulisho. Mwombeni aandamane nanyi Marikiti alfajiri, siku ya kununua viazi na sukuma wiki. Huko mtaona anavyowasalimu wachuuzi na wabeba mizigo, anavyouliza bei, na kama anasikiliza. Baadaye aketi na akina mama wa jikoni kuchambua maharagwe. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka yenyewe. Muulizeni hili: kwao, chakula kilipopungua, nani aligawa na nani alitangulia kula? Mimi jibu hilo nalithamini kuliko vyeti vyake. Nanyi msimfiche siku ambazo sufuria huisha foleni ikiwa bado ndefu.