Mume akikupiga au akikulazimisha: venye utatumia sheria za Kenya ambazo kina mama walizipigania

Wengi wakifika polisi wanaambiwa "hayo ni ya nyumbani, nendeni mkaongee" na wanarudi. Usirudi. Itisha namba ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti), manake bila hiyo ni kama hukuwahi fika, halafu taja sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Hiyo sheria FIDA (shirika la mawakili wanawake) na vikundi vingine vya wanawake waliisukuma miaka na mikaka mpaka ikapita.

Lakini kama ni ubakaji anzia hosipitali, polisi baadaye. Usioge hata ukijiskia vibaya aje, nguo ulizovaa weka kwa mfuko wa karatasi, sio plastiki coz plastiki inashika unyevu na ushahidi unaharibika. Dawa ya PEP ya kuzuia HIV lazima uianze kabla masaa 72 yaishe, na mapema ndio poa. Daktari atajaza fomu ya PRC (ya matibabu baada ya kubakwa), ile P3 (fomu ya kuonyesha uliumizwa aje) unapewa na polisi na daktari anaijaza pia. P3 yenyewe ni bure, mtu akikuitisha ya chai kituoni usitoe.

Sasa hapa ndio watu hupotea. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile Njoki Ndung'u alipeleka bungeni akiwa mbunge wa kuteuliwa, iliwekwa adhabu kali, kubaka ni miaka 10 kwenda juu, lakini wabunge wanaume walipiga kelele mpaka mume na mke wa ndoa wakaachwa nje. (Ati ndoa itavunjika, kwani saa hii ndio iko sawa?) Kwa hivo mumeo akikulazimisha, kumshtaki na ubakaji ni ngumu, lakini ile ya 2015 inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, so pitia huko: nenda korti ya hakimu uombe amri ya ulinzi. Kama hatari iko karibu hakimu anaweza kukupa ya muda hata kabla huyo mume hajaitwa, na inaweza kumkataza kukaribia nyumba, kukupigia simu, ama kusumbua watoto. Ukipewa, nakala moja peleka kituo cha polisi, ingine tembea nayo.

Wakikutisha na kifungu cha 38 cha ile sheria ya 2006, kile kilisema ukionekana umesingizia mtu unafungwa kama mbakaji, waambie kilifutwa 2012. Kilikuwa kimenyamazisha wengi sana, na wanaharakati ndio walikipigia kelele. Kudanganya polisi bado ni kosa kama kwa kesi ingine yoyote, lakini hiyo adhabu ya kutisha haipo.

Huna pesa ya wakili? FIDA husaidia wanawake bure, na ukikwama usiku piga 1195, laini ya kusaidia waliofanyiwa ukatili, haikati kredo.