Modeli ya "ingekuwaje": kuunda helikopta ya rota mbili zinazopishana

Helikopta ya aina hii ina rota mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu juu ya bodi moja, karibu mno kiasi kwamba mapanga ya kila rota hupita juu ya kitovu cha nyingine. Hayagongani kwa sababu mihimili inayobeba rota imelazwa kuelekea nje, na giaboksi inazilazimisha rota zote mbili kuzunguka kinyume kwa mpangilio usiobadilika. Ukiunda modeli ya ndege ambayo haikuwahi kuwepo, uko huru kubuni jeshi, injini, rangi na kazi yake. Kwenye kichwa cha rota huna uhuru huo. Mtazamaji atakubali hadithi yoyote utakayompa, lakini akiona mapanga ambayo yangekatana mzunguko wa kwanza, hatakuamini tena.

Juzi nilimsaidia mwenzangu aliyekuwa anageuza UH-1, helikopta ya kijeshi ya Marekani yenye rota kuu moja, ya skeli ya 1/72. Bodi yake ilikuwa safi kabisa, ila mihimili ilimshinda. Kwa hiyo hapo kwenye mihimili ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Hatua ya 1: Chagua historia inayobeba ndege yako

Historia halisi ina milango mingi iliyoachwa wazi. Anton Flettner wa Ujerumani alirusha Fl 265 mwaka 1939, kisha Fl 282 Kolibri mwaka 1941. BMW ilipewa oda ya Kolibri 1,000 mwaka 1944, lakini mabomu yaliharibu mpango huo na zikaundwa chache tu. Marekani, kampuni ya Kellett ilirusha XR-10 yenye injini mbili mwaka 1947, nayo haikufika kwenye uzalishaji. Charles Kaman ndiye aliyefanikiwa zaidi: K-225 yake iliruka kwa injini ya tabo (tabini ya gesi) mwaka 1951, helikopta ya kwanza duniani kufanya hivyo, kisha ikaja HH-43 Huskie ya uokoaji na zimamoto, na mwaka 1991 K-MAX ya kubeba mizigo, ambayo huinua uzito unaozidi uzito wake yenyewe ikiwa tupu.

Mimi napendelea swali dogo lenye jibu la kiufundi. Ingekuwaje kama XR-10 ingenunuliwa na kubeba askari? Ingekuwaje kama K-MAX, yenye kiti kimoja, ingepewa chumba cha abiria sita? Swali la namna hiyo linakuambia lenyewe ni sehemu zipi utafute.

Hatua ya 2: Bodi

Seti yoyote ya helikopta ya kawaida inafaa. Kwa anayependa tawi la Kijerumani, kampuni ya modeli ya MiniArt ina Fl 282 ya skeli ya 1/35, na ni shule nzuri hata kama utaigeuza. Funga bodi, kata mlingoti wa rota ya asili, ziba tundu, piga msasa. Kabla ya kufunga, gundisha kipande kinene cha plastiki ndani, chini ya paa, maana mihimili miwili inahitaji nyama ya kushika. Weka uzito puani sasa hivi.

Hatua ya 3: Mihimili

Usianze kutoboa. Chukua karatasi na uandike namba mbili: umbali kati ya vitovu viwili, tuuite U, na pembe ambayo kila mhimili unalala kwenda nje, tuiite P. Nafasi ambayo panga linapata linapopita juu ya kitovu cha pili ni U mara tanjenti ya P. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Tuseme U ni milimita 20 na P ni digrii 12. Tanjenti ya 12 ni karibu 0.213, kwa hiyo panga litapita milimita 4.25 juu ya usawa wa kitovu cha pili. Kutoka hapo toa kofia ya kitovu na nusu ya unene wa panga. Kofia ikiwa na kimo cha milimita 2, umebakiwa na kama milimita 2 za hewa, zinatosha. Ukisogeza vitovu hadi U iwe milimita 14 na pembe ileile, unapata milimita 3 tu kabla ya kutoa chochote, na kofia hiyohiyo inaanza kukutisha.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo saa zinapopotelea.

Kwanza, U hupimwa kwenye vitovu, wala si kwenye paa. Mihimili inatanuka kadiri inavyopanda. Ikiwa kila mhimili una milimita 10 kutoka paa hadi kitovu, kwa digrii 12 unasogea nje karibu milimita 2.1. Kwa hiyo matundu ya paa yawe na umbali wa milimita 15.8, si 20. Mwenzangu alikuwa ametoboa kwa 20, na kichwa chote kikawa kipana kuliko kibanda cha injini alichokwisha kukitengeneza.

Pili, urefu wa mihimili lazima ulingane. Wa kushoto ukizidi kwa milimita 1, panga la kushoto linapata milimita 5.25 juu ya kitovu cha kulia, na la kulia linabaki na 3.25. Kata vijibomba viwili vitakavyokuwa mihimili vikiwa vimefungwa pamoja kwa utepe, kisha uvisugue vichwa kwa tupa kwa mkupuo mmoja.

Tatu, usiamini jicho kwenye pembe. Kipimapembe hakisomeki vizuri kwenye kijibomba cha milimita 10. Chomeka ndani ya kila kijibomba waya ulionyooka, wenye milimita 100 kutoka usawa wa kitovu hadi nchani. Kwa digrii 12 kila waya utasogea nje milimita 20.8, basi ncha mbili ziwe na umbali wa milimita 61.6 (yaani 20 na 20.8 mara mbili). Kosa la digrii moja upande mmoja linajitokeza kama milimita 1.7 huko juu, na hilo utaliona kwa rula ya kawaida. Pima pia kila ncha hadi mstari wa katikati ya bodi: 30.8 kila upande. Jumla inaweza kuwa sahihi huku kichwa kizima kimeegemea kushoto. Mwisho itazame modeli kwa ubavu, nyaya mbili zionekane kama waya mmoja.

Nne, gundi. Watu wengi hukimbilia supa gluu. Mimi siitumii kabisa hapa. Inashika kabla hujamaliza kupima. Epoksi ya dakika thelathini inakupa nafasi ya kusukuma waya nusu milimita, kupima tena, kusukuma tena. Tumia vijibomba vya shaba, si fimbo za plastiki, kwa sababu plastiki itapinda pole pole kwa uzito wa mapanga.

Kuhusu mpangilio wa mzunguko, kwa rota zenye mapanga mawili kila moja: panga la kushoto likielekea moja kwa moja kwenye kitovu cha kulia, mapanga ya kulia yawe yameelekea mbele na nyuma kabisa. Zungusha zote mbili digrii 45 kwa mwelekeo wao na utaona mapanga yote manne yamekaa sambamba. Hicho ndicho kipimo changu cha mwisho. Yasipokuwa sambamba, mpangilio haujakaa.

Ukitaka mapanga matatu kila rota, kama XR-10, inawezekana, lakini nafasi yako ndogo kabisa inakuwa nusu: badala ya milimita 4.25 hesabu 2.1, na pahali pa hatari panahama kutoka juu ya kitovu hadi mbele na nyuma ya vitovu, yanakopishana mapanga yenyewe. Ongeza U au P. Kanuni ya kuyapanga ni ileile: panga moja la kushoto likielekea kitovu cha kulia, panga moja la kulia lielekee mbele kabisa au nyuma kabisa.

Hatua ya 4: Mapanga

Rota zinazunguka kinyume, kwa hiyo mapanga ya moja ni kioo cha nyingine. Ukichukua mapanga kutoka seti mbili za ndege ileile, rota moja itakuwa na ukingo wa mbele upande wa nyuma. Kwenye 1/72 panga jembamba lisilosokotwa unaweza kuligeuza tumbo juu na likafaa. Kwenye skeli kubwa yachonge mwenyewe kwa shiti ya plastiki.

Ukifuata tawi la Kaman, weka vibawa vidogo kwenye ukingo wa nyuma wa kila panga, karibu robo tatu ya urefu kutoka kitovuni. Ndivyo vinavyosokota panga na kuiongoza ndege. Bila hivyo, anayejua Kaman atauliza mara moja.

Rota ikiwa haizunguki, mapanga hulegea na kuinamia chini. Yapinde kwa maji ya moto, ila anzia nusu ya pili ya urefu, usije ukala ile nafasi uliyoihangaikia hatua ya 3.

Hatua ya 5: Mkia na ubavu

Rota ya mkia haihitajiki kwa sababu rota mbili zinafutiana nguvu ya kugeuza bodi. Ing'oe, fupisha mkia, ongeza mapezi ya wima.

Ubavuni kuwa mwangalifu. Panga lenye milimita 100 kwa digrii 12 linashuka karibu milimita 21 chini ya kitovu chake upande wa nje. Kwenye 1/72 hiyo ni mita moja na nusu. Kitovu kikiwa milimita 55 kutoka ardhini, ncha iko 34, sawa na mita 2.4 halisi, hata kabla ya kulegea. Roketi na matangi ya mafuta yakae chini na karibu na bodi, na usiweke injini juu ya mbawa fupi.

Hatua ya 6: Rangi na kuonyesha

Paka utakavyo. Ncha za mapanga zipate rangi kali, na ubavuni weka alama za onyo, kwa kuwa ndege hizi hukaribiwa kwa mbele, kamwe si kwa pembeni. Ukiweka sanamu za watu kwenye kibao, waweke mbele ya pua, rubani akiwaona. Rota zigundishe zikiwa kwenye digrii 45, mapanga sambamba: modeli inachukua nafasi ndogo kabatini, na mpangilio unaonekana kwa yeyote anayetazama kutoka juu.