Ukuta uwe rafu

Kabla hujaagiza rafu za vioo kwa ajili ya duka lako la nguo na mapambo, kumbuka zidaka za nyumba za kale za Lamu: safu za mashubaka madogo ukutani, yaliyonakshiwa kwa lipu ya chokaa, humo zikapangwa sahani za kauri kutoka China. Ukuta wenyewe ulikuwa pambo.

Jaribu hivyo kwenye ukuta mmoja tu, ule anaouona mteja akiingia. Usitoboe ukuta uliopo. Jenga mwingine mbele yake, wenye kina cha sentimita 30 hivi, nguo iliyokunjwa itakaa vizuri. Kona zizungushwe kwa lipu. Fundi achore kwanza kwa chaki, ukubwa halisi, nawe usimame mlangoni utazame, maana lipu ikishakauka, kubadili ni nyundo.

Kwenye taa ndipo wengi hukosea. Ikimulika ukuta uso kwa uso, michongo yote hupotea. Iweke juu, karibu na ukuta, mwanga uteremke kwa mshazari. Kila mviringo utapata kivuli chake. Na tafadhali, usijaze kila kidaka.