Somo: Kava la grainda halitolewi

Habari za kazi, mafundi. Wiki hii nimepita karakana kadhaa za Unga Limited hapa Arusha, na zaidi ya mara moja nimekuta grainda ndogo imefungwa diski ya inchi 7, kava, yaani kinga ya chuma inayofunika diski, limetupwa chini ya meza. Ukiuliza, unaambiwa kava linazuia diski kubwa isiingie. Ndiyo, linazuia, na hiyo ni mojawapo ya kazi zake. Leo naanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma diski kabla ya kuifunga

Grainda ndogo ni ya diski ya milimita 115, yaani inchi 4 na nusu, na huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski yake huandikwa 13,300, kwa hiyo ina akiba. Ile ya inchi 7 huandikwa takribani 8,500. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, wakati imetengenezwa kuhimili 80. Diski ya hivyo inaweza kupasuka, na vipande vikamrudia aliyeishika, usoni au tumboni. Nilipokuwa najifunza kazi, kipande kimoja kilinipita kando ya sikio kikajikita kwenye mlango wa mbao. Tulikichomoa kwa koleo. Mashine ile haikuwa na kava, na tangu siku hiyo sijawahi kushika grainda isiyo nalo.

Tazama pia pete ya chuma katikati ya diski. Imepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, maana gundi inayoshikilia punje za kukatia huchoka na hunyonya unyevu. Diski iliyolala sakafuni masika nzima, au iliyoanguka, ivunje kabisa kabla ya kuitupa, asije kijana mwingine akaiokota.

Ukishafunga diski mpya, iwashe ikiwa mbali na watu, iache izunguke nusu dakika. Ikitetemeka, zima.

Hatua ya 2: Kagua waya na plagi

Pitisha mkono kwenye waya wote mashine ikiwa haijachomekwa. Ukikuta palipochubuka pakafungwa selotepu, badilisha waya. Na jamani, tuache kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa njiti ya kiberiti. Waya ukivutwa kidogo tu unachomoka ukiwa na umeme, na sakafu ya karakana nyingi huwa na maji.

Ekstensheni ya kuzungusha ikunjue yote. Ikibaki imeviringwa huku grainda kubwa ya wati 2,200 inavuta karibu ampia 10, waya unapata moto ndani kwa ndani hadi mpira unayeyuka. Kwa anayefanya kazi nje, ninaona RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja, ndiyo fedha bora kuliko zote utakazotumia, kwa sababu inakata umeme kabla moyo haujadhurika.

Hatua ya 3: Bana kazi, simama pembeni

Bomba la mraba lifunge kwenye jiliwa. Usilikanyage kwa mguu. Upande unaokatwa uachwe uning'inie, ili mkato ufunguke kadiri unavyoendelea. Ukijifunga unabana diski na mashine inakurukia. Mikono miwili, mpini wa pembeni umefungwa, mwili usiwe kwenye mstari wa diski. Diski ya kukatia usiisagie ubavu.

Miwani ya kufunga macho yote, glavu za ngozi zinazobana. Cheche zielekeze mbali na petroli, tina (thinner) ya rangi na magodoro.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika, zima swichi

Hii wengi tunaisahau. Luku imeisha au umeme umekatika, mtu anaweka grainda mezani swichi ikiwa imebanwa kwenye kuwaka, anaenda kunywa chai. Umeme ukirudi, mashine inaruka yenyewe na hakuna aliyeishika. Zima kwanza, kisha chomoa. Hata kubadili diski ni hivyo hivyo: plagi nje.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Grainda yangu ina nyaya mbili tu, haina arthi. Ni feki? (Kijana wa Sakina)*

Marahaba. Angalia kibandiko chake. Ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, imetengenezwa na tabaka mbili za kuzuia umeme, haihitaji arthi. Ifunge plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi, mguu wa arthi ubaki mtupu.

*Sisi maseremala wa Pasua, Moshi, tunafunga diski ya msumeno kwenye grainda kukatia mbao. Ikienda taratibu kuna shida?*

Kaka, shida ipo, tena kubwa. Msumeno wa umeme huzunguka karibu mara 5,000 kwa dakika. Grainda ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Jino likikwama kwenye fundo la mbao, mashine inageukia paja au shingo. Azimeni msumeno wenyewe, au tumieni wa mkono.

*Mimi natoboa mbao kwa drili nikiwa nimejifunga kitenge. Na glavu za nyuzi zinafaa? (Dada wa Mbauda)*

Dada, kitenge kiweke pembeni wakati wa kazi, nywele zifunge. Glavu za nyuzi zivue: uzi mmoja ukishikwa na keke, unavuta na vidole.

*Chembe ya chuma ikiingia jichoni, mwenzangu huitoa kwa njiti. Ni sawa?*

Hapana. Usisugue, wala asikuguse mtu. Suuza kwa maji safi. Chembe ikiwa bado inachoma, au ilikupiga kwa kasi, usingoje kesho: nenda hospitali siku hiyo hiyo. Walio Moshi, hospitali ya KCMC kuna idara ya macho. Mwambie daktari ulikuwa unakata chuma, ajue anachokitafuta.