Namna ya Kuwafundisha Vijana Maangamizi ya Wayahudi kwa Kutumia Shajara

Mwalimu anayekusudia kuwafundisha vijana Maangamizi ya Wayahudi kupitia shajara hana budi kukumbuka jambo moja kabla ya kufungua kitabu: aliyeandika hakuijua kesho yake, ilhali anayesoma leo anaijua. Ugumu wa somo hili, pamoja na sehemu kubwa ya faida yake, umo katika tofauti hiyo. Maelekezo haya yanawahusu walimu wa sekondari na viongozi wa vikundi vya usomaji wenye vijana wa kuanzia miaka 13 au 14. Kwa walio wadogo zaidi, ni heri kusubiri.

Anza na historia yenyewe, lakini isizidi kipindi kimoja. Wanafunzi wajue kwamba Hitler, kiongozi wa chama cha Wanazi, alishika madaraka Ujerumani Januari 1933, kwamba Sheria za Nuremberg za mwaka 1935 ziliwavua Wayahudi uraia wa Ujerumani, kwamba vita vilianza Septemba 1939 Poland ilipovamiwa, na kwamba hadi 1945 Wanazi na washirika wao walikuwa wamewaua Wayahudi wapatao milioni 6. Andika tarehe hizo kwenye karatasi kubwa na uiache ukutani hadi somo liishe, kwa kuwa kila andiko litakalosomwa litapaswa kuwekwa mahali pake.

Shajara ya Anne Frank ndiyo inayojulikana zaidi, na hakuna ubaya kuanzia hapo. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1929, familia yake ikahamia Amsterdam, Uholanzi, nchi ambayo baadaye ilikaliwa na Wajerumani, akapewa daftari alipotimiza miaka 13 tarehe 12 Juni 1942, na kabla mwezi haujatimia walikuwa wamejificha nyuma ya ofisi za baba yake, Prinsengracht namba 263. Chagua kwanza andiko la 20 Juni 1942, ambamo anataja makatazo waliyowekewa Wayahudi: wavae nyota ya njano, wasalimishe baiskeli zao, wasipande tramu, wafanye manunuzi kati ya saa 9 na saa 11 alasiri tu. Vijana wataona haraka jinsi makatazo hayo yalivyombana msichana wa rika lao. Usiishie hapo, waulize ni nani aliyehitajika ili kila katazo litekelezeke, nao wataanza kuwataja kondakta wa tramu, mwenye duka, karani wa manispaa na jirani, yaani watu ambao shajara haiwataji kwa majina lakini bila wao sheria ingebaki kwenye karatasi.

Kisha ruka hadi 15 Julai 1944. Humo mna kauli yake mashuhuri kwamba bado anaamini watu ni wema mioyoni mwao, kauli iliyonukuliwa peke yake mara nyingi mno hata ikageuka maneno ya faraja. Someni aya nzima, maana papo hapo anaandika kwamba anasikia ngurumo inayokaribia, ambayo itawaangamiza wao pia. Tarehe 4 Agosti walikamatwa, na kati ya watu 8 waliokuwa mafichoni ni Otto, baba yake, pekee aliyenusurika. Anne alifia Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, mapema mwaka 1945. Mwanafunzi anayeondoka na kauli ile bila habari hizi amefundishwa kitu kingine kabisa.

Kwa darasa la fasihi kuna jambo jingine lenye thamani. Machi 1944, waziri mmoja wa serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London aliwaomba wananchi kwa redio wahifadhi barua na shajara za wakati wa vita, na Anne, aliyetamani kuwa mwandishi, akaanza kuyahariri upya maandishi yake akiwafikiria wasomaji. Wajadili wanafunzi kwa nini mtu angefuta jambo au kulipanua, na kama kuhariri huko kunapunguza ukweli wa shajara. Mimi naona hakupunguzi.

Shajara moja, hata hivyo, haitoshi. Iweke kando ya ile ya Dawid Sierakowiak, kijana wa geto (mtaa uliofungwa ambamo Wayahudi walilazimishwa kuishi) la Łódź nchini Poland, ambaye anaandika kuhusu njaa, kuhusu baba anayekula mkate kupita sehemu yake, na kuhusu mama yake aliyechukuliwa Septemba 1942. Yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 19. Hapa hakuna mafichoni wala marafiki wa nje wanaoleta chakula. Ulinganisho huu huwaondolea vijana dhana kwamba mambo yaliyompata Anne ndiyo yaliyowapata Wayahudi wote.

Shajara pia hukoma pale mwandishi anapopakiwa kwenye treni ya kwenda kambini. Yaliyotokea ndani ya kambi tunayapata zaidi kwa walionusurika, kama Elie Wiesel, aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 15, na Primo Levi, mkemia wa Italia. Wao waliandika wakijua mwisho, na wanafunzi wanapaswa kuisikia tofauti hiyo katika lugha. Chagua dondoo fupi, usizisome mwishoni mwa siku ya shule, na usionyeshe picha za maiti ili kuwashtua.

Kuhusu mazoezi ya kuandika, epuka kumwagiza mwanafunzi ajifanye mfungwa au aandike shajara kana kwamba yumo getoni, kwa kuwa zoezi hilo huzaa maigizo, si uelewa. Mpe badala yake andiko moja lenye tarehe, aeleze mwandishi alijua nini siku hiyo, alikisia nini, na nini hakikuweza kujulikana.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuongeza habari za Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyesaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akakamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke aliyehesabiwa kuwa wa damu ya Kijerumani, na kufa katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Hakuwa miongoni mwa Wayahudi waliolengwa kuangamizwa, na darasa liambiwe hivyo waziwazi, ila kisa chake kinaonyesha jinsi sheria za rangi zilivyotumika dhidi ya wengine. Na kama darasani wamo vijana ambao familia zao ziliguswa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 nchini Rwanda, zungumza na wazazi au walezi wao mapema, na umruhusu kila mmoja kunyamaza akitaka.