Samaki Usiyemjua: Kutoka Ndooni Hadi Apate Jina la Kisayansi

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari hapa Kigoma mjini, na shule zikifungwa nafanya kazi na watafiti wanaokuja kukusanya samaki ziwani na mitoni. Wanafunzi wananizoea. Mtu anakuja na ndoo kutoka Mto Luiche au na picha ya simu kutoka Kasulu: "Shikamoo mwalimu, huyu hajulikani huyu." Mara nyingi anajulikana. Ila swali ni la kweli, na nataka lijibiwe vizuri, kwa sababu maji ya mkoa huu bado yana viumbe wasio na jina, na aliye karibu nao kuliko mtu yeyote ni kijana wa hapa.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikimbilie ziwani. Ziwa Tanganyika limepekuliwa tangu karne ya 19. Mwingereza Moore alikusanya samaki humu katika miaka ya 1890, na Boulenger, mtaalamu wa samaki, akaandika maelezo yao ya kisayansi kule London. Mmoja wao, Tropheus moorii, alipewa jina la Moore mwaka 1898. Baadaye akaja Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji. Leo sichlidi peke yao, yaani familia ya samaki ambayo Tropheus ni mmoja wao, wanaojulikana ziwani ni zaidi ya spishi 200. Hapo kugundua kitu bado kunawezekana, ila unahitaji mtumbwi, mtungi wa kuzamia na fedha.

Mito ni habari nyingine. Mwaka 1998 watafiti De Vos na Seegers walitangaza spishi saba mpya za jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Orthochromis kwa mpigo, zote kutoka mabonde ya Malagarasi, Luiche na Rugufu. Soma majina ya wanne kati yao: Orthochromis luichensis, Orthochromis kasuluensis, Orthochromis uvinzae, Orthochromis rugufuensis. Ni sichlidi wadogo, wengi wao wa maji yaendayo kasi juu ya mawe, na hakuna anayewapeleka sokoni kama dagaa au migebuka. Maji hayo watu wanayavuka kila siku wakienda shambani. Ukiniuliza pa kuanzia, nitakuonyesha kijito kilicho nyuma ya michikichi ya kwenu.

Kabla ya ndoo, kibali

Kukusanya viumbe kwa ajili ya utafiti kunahitaji kibali, na njia yake inapitia COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ndani ya Gombe na Mahale kuna taratibu za hifadhi juu yake. Kutoa sampuli nje ya nchi ni kibali kingine. Anza kwa afisa uvuvi wa wilaya na viongozi wa kijiji. Wakikufahamu, mengi yanarahisika. Na usitumie chandarua wala kokoro kwa kisingizio cha sayansi.

Kama huna kibali bado una kazi ya kufanya, tena kubwa. Mweke samaki kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye maji safi, mpige picha ubavu wa kushoto akiwa na mapezi yaliyotandazwa, rula ikionekana pembeni, kisha mrudishe alikotoka. Picha nzuri yenye mahali na tarehe inamtosha mtaalamu kuamua kama inafaa watu waje. Ubavu wa kushoto ndio desturi ya wanasayansi wa samaki, na ukiufuata picha yako italinganishwa moja kwa moja na zao.

Malagarasi ina mamba na viboko, na vijito vyetu vingi vina kichocho. Vaa buti, nenda na mtu anayejua kivuko.

Mtoni

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mkazi wa Kigoma anapoweza kumshinda profesa.

Andika mahali kabla hujaandika kitu kingine chochote. Chukua majira ya nukta (GPS) kwenye simu, halafu andika kwa maneno: jina la kijito kama wanavyolitamka wenyeji, daraja au kijiji cha karibu, na kijito hicho kinamwaga wapi. Luiche inaingia ziwani kusini ya Ujiji, Malagarasi mbele yake kule Ilagala, Rugufu mbele zaidi. Ni mabonde matatu, na samaki wa bonde moja anaweza kuwa ametengana na ndugu yake wa bonde la pili kwa muda mrefu sana. Ukichanganya ndoo mbili, hakuna kipimo cha maabara kitakachokurudishia ulichopoteza. Samaki mwenye sura ya ajabu asiye na mahali hafai kuwa msingi wa jina.

Kisha andika kina, chini kuna mawe au mchanga au tope, maji yanakwenda kasi au yametulia, saa, chombo ulichotumia, na nani alikuwepo. Mwezi uandike kwa herufi. "5/6" mmoja atasoma tano Juni, mwingine sita Mei. Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iwekwe ndani ya chupa pamoja na samaki. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye spiriti, na lebo ya kubandikwa nje inabanduka.

Waulize wavuvi, tena uwaulize vizuri. Usimwonyeshe mzee samaki mmoja na kumuuliza jina lake. Mwonyeshe wawili wanaofanana na umuulize kama ni wamoja. Mjomba wangu wa Katonga hajasoma biolojia, lakini anajua nani anataga kwenye mawe na nani anashuka mchangani, na nani haonekani mpaka mvua zianze. Mambo hayo hayaonekani kwenye chupa. Andika jina la kienyeji alilolitaja na kijiji alichotoka, maana jina hilohilo upande wa pili wa wilaya linaweza kuwa la samaki mwingine kabisa.

Kwa wenye kibali: samaki auawe bila mateso. Tunatumia mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na spiriti kidogo kisha kutiwa kwenye maji. Samaki analala, na akiachwa humo kwa kipimo kikubwa haamki. Mpige picha hapohapo, kwa kuwa rangi zinaanza kupotea ndani ya dakika chache. Halafu kata kipande kidogo cha pezi la upande wa kulia na ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 96, kwa ajili ya DNA. Kipande kitangulie, formalini, dawa ya kumkausha samaki asioze, ifuate. Formalini inaharibu DNA, na ukigeuza mpangilio huo hutapata tena nafasi.

Formalini ya dukani unaichanganya sehemu moja kwa tisa za maji. Fanya kazi nje, vaa glavu, kaa upande upepo unakotoka. Samaki mwenye urefu wa kidole akae humo karibu wiki moja akiwa amenyooshwa, siyo amepinda. Baadaye aloweshwe maji safi kwa siku moja au mbili, ndipo ahamie ethanoli ya asilimia 70 kwa maisha yake yote. Usichukue mmoja tu. Unahitaji wakubwa na wadogo, madume na majike, kwa idadi ambayo kibali kinaruhusu, isiyozidi.

Mezani

Watu hudhani ugunduzi hutokea wavu unapoinuliwa. Kwa ninavyoona mimi, hutokea mezani, pale unapojaribu kwa juhudi zako zote kuthibitisha kwamba samaki huyu tayari ana jina, na unashindwa.

Anza na umri na jinsia. Tropheus duboisi, anayepatikana kwenye miamba ya huku kwetu, akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa yanatoweka, kichwa kinakuwa na rangi ya buluu na mwili unapata mkanda wa rangi nyepesi. Ukiwaweka mtoto na mzazi kwenye sahani moja, asiyewajua ataapa kwamba ni spishi mbili. Baada ya umri, fikiria rangi za mahali. Tropheus wa ghuba moja na wa ghuba inayofuata wanaweza kupishana rangi kama kanga mbili za duka moja, na bado wataalamu wakawaweka kwenye spishi ileile. Rangi peke yake isikusisimue.

Sasa hesabu. Kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) pima urefu wa kawaida, yaani kutoka ncha ya mdomo hadi pale mkia unapoanzia, bila kuhesabu pezi la mkia. Pima kichwa, jicho, kimo cha mwili. Hesabu miiba na vijiti laini vya pezi la mgongo na la mkundu, magamba ya mstari wa pembeni, na vichujio kwenye upinde wa kwanza wa matamvua. Angalia meno chini ya darubini ndogo: yana ncha moja, mbili au tatu, yamepangwa safu ngapi. Rudia kwa samaki wote ulio nao, maana unatafuta tofauti inayojirudia, siyo samaki mmoja mwenye kasoro.

Halafu soma maelezo ya kwanza kabisa ya kila spishi iliyo karibu naye. Katalogi ya samaki ya California Academy of Sciences iko wazi mtandaoni, FishBase, hazina ya taarifa za samaki, nayo iko wazi, na vitabu vingi vya zamani vimewekwa na Biodiversity Heritage Library bila malipo. Simu yenye bando inatosha. Vielelezo vyenyewe, yaani samaki waliotumika kutoa majina, vya Boulenger viko London, na vingi vya Poll viko Tervuren, Ubelgiji. Hapo ndipo mshirika wa nje anasaidia, kwa picha na vipimo. Na usidharau chupa za zamani. Mwaka 2006 Wright na Page walipopitia upya ngogo wa jenasi ya Synodontis wa ziwa hili, walitoa spishi tatu mpya, mmojawapo Synodontis lucipinnis, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akichukuliwa kuwa Synodontis petricola mfupi.

DNA inakuja kusaidia, isikutawale. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 650 hivi hutumika kulinganisha wanyama wengi. Lakini sichlidi wengi wametengana karibuni, na wengine wamezaliana wao kwa wao, kwa hiyo spishi mbili halali zinaweza kuwa na kipande kinachofanana. Ninaamini zaidi pale umbo, mahali, tabia na DNA vinapoelekea upande mmoja.

Jina

Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kwenye toleo la kumi la Systema Naturae la Linnaeus. Jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo linaloshinda, na jina moja halitumiki kwa spishi mbili za jenasi moja. Poll aliyaona hayo. Mwaka 1952 yeye na Trewavas walimwita samaki mmoja wa ziwa letu Lamprologus savoryi elongatus, ilhali Boulenger alikwisha kulitumia jina elongatus ndani ya Lamprologus tangu 1898. Mwaka 1974 Poll akalibadilisha kuwa brichardi. Pekua katalogi kabla hujalipenda jina.

Ili jina lisimame ni lazima lichapishwe, useme wazi kwamba ni spishi mpya, ueleze kinachoitofautisha na jirani zake, na uteue kielelezo kimoja, holotaipu, kitakachotunzwa kwenye mkusanyiko unaoutaja. Wengine wa kundi hilo wanaitwa parataipu; dai kwamba baadhi yao wabaki Tanzania, na dai hilo mapema, kwenye makubaliano ya mwanzo. Chapisho la mtandaoni pekee, tangu 2012, sharti liandikishwe ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama mtandaoni. Habari ya gazetini haitoshi. Jina linaweza kutoka mahali, kama luichensis, au kwa mtu, au kwa neno la lugha yoyote likiandikwa kwa herufi za Kilatini, Kiha kikiwemo. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila hakufanywi.

Majini hamna samaki tu. Bakteria nao wana sheria zao, na hesabu ya majina yao ilianzishwa upya mwaka 1980. Lazima umkuze bakteria wako peke yake maabara, usome jeni yake ya 16S, inayotumika kulinganisha bakteria. Ikifanana na ya ndugu wa karibu kwa chini ya asilimia 98.7 hivi, una sababu ya kuendelea hadi jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ambako mpaka wa kufanana unaotumika ni asilimia 95 hadi 96. Kisha bakteria hao uliowakuza, wakiwa hai, wawekwe kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti. Bakteria wengi wa kilindi cha Tanganyika, kule chini ambako hakuna oksijeni, wamejulikana kwa DNA tu bila kukuzwa, na tangu 2022 kuna utaratibu wa pembeni wa kuwapa majina kwa jenomu. Mimi ningependa kuona mwanafunzi wa Uvinza akianzia kwenye chemchemi za chumvi za kwao.

Ukikuta samaki wako ana jina tayari, usimwage chupa. Pengine hajawahi kuandikwa kutoka kijito hicho, na hilo pekee ni taarifa inayochapishika. Bonde la Luiche linalimwa mpunga zaidi kila msimu na udongo unashuka kwenye mawe. Miaka ijayo mtu atahitaji kujua nani aliishi pale kabla. Nenda kiangazi, kuanzia Juni, maji yakiwa yamepungua na mawe yakionekana. Mwanzo wa kila muhula fungua kabati, uongeze ethanoli kwenye chupa zilizopungua, na usome kila lebo kuhakikisha bado inasomeka.