Paka wa mtoto akifa: mwambie nini, mfanye nini

Paka wetu Kidoti alikufa asubuhi moja hapa Wete, Pemba, mwanangu wa miaka sita yuko chuoni anasoma Kurani. Aliporudi akamuulizia, nikamwambia, "Amekwenda Unguja." Nilidhani nimemsitiri. Wiki ya pili yake babaake akajitayarisha kupanda meli, mtoto akamng'ang'ania kanzu, analia mpaka sauti imemkauka. Kwake yeye, anayekwenda Unguja harudi tena.

Hatua ya kwanza: tamka "amekufa". Kaa naye mkekani, si huku unakuna nazi. Sema kwa ufupi: "Kidoti amekufa. Hapumui tena, hasikii njaa, haumwi." Ukisema "amelala", usiku ataogopa kufumba macho. Ukisema "amepotea", atamtafuta vichochoroni kila jioni. Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi hudhani aliyekufa huweza kurudi, kwa hiyo kesho atauliza tena, na kesho kutwa. Mjibu kwa maneno yale yale. Si ukaidi huo, jambo linamwingia kidogo kidogo.

Hatua ya pili: mwache alie. Hapa tunawaonea watoto, hasa wanaume. "Paka tu huyo!" Mtume (S.A.W.) alimkuta Abu Umayr, mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, amehuzunika kwa kufa kindege chake, akamuuliza, "Ewe Abu Umayr, kindege kimefanya nini?" Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakumwambia ni ndege tu. Nilimsimulia mwanangu, akataka kujua kindege kile kilikuwa cha rangi gani, na siku ile ndiyo ya kwanza kula vizuri.

Hatua ya tatu: mzikeni. Mtu mzima amfunge paka kwenye gunia bila kumgusa kwa mikono mitupu. Shimo liwe refu, mbali na kisima, mbwa wasije wakafukua. Mtoto mpe kazi: achume maua, aweke jiwe. Asiyetaka kutazama asilazimishwe. Mimi Kidoti nilikwisha kumtupa jaani, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tuliweka jiwe chini ya mkarafuu bila ya paka mwenyewe, na mtoto alilikubali.

Kama paka alibadilika ghafla, akawa mkali na kutokwa na udenda, na amemuuma au kumpara mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa huwapata na paka, na chanjo husaidia kabla dalili hazijaanza tu.

Hatua ya nne: usikimbilie kuleta paka mwengine. Ngoja mtoto aombe mwenyewe.

Maswali niliyoulizwa

*Mama, Chake Chake: Mwanangu anataka tumsomee paka hitma. Nimwambie nini?*

Mimi nilisema hitma tunawasomea watu. Akiuliza kama watakutana peponi, usimuahidi usilolijua, nendeni pamoja kwa maalim wake wa chuoni. Wangu alikaa barazani na bibi yake, akamhadithia vituko vyote vya Kidoti mpaka magharibi.

*Baba, Mkoani: Beberu tuliyemfuga tulimchinja Idi ya Mfunguo Tatu. Binti yangu wa miaka tisa hali nyama hadi leo. Nimlazimishe?*

Usimlazimishe, kaka yangu. Dagaa na maharage yapo. Kinachomuuma zaidi, naona, ni kuwa hakuambiwa. Mwombe radhi kwa hilo. Mwakani, siku ile ile mnaponunua mnyama, mwambieni kuwa huyu ni wa kuchinjwa.

*Bibi, Micheweni: Mjukuu wangu ameanza tena kukojoa kitandani tangu sungura wake afe.*

Shikamoo bibi. Hutokea. Usimpige wala usimtangaze mbele ya wenzake, alale karibu nawe. Zikipita wiki kadhaa hali, halali, hataki skuli, mpeleke hospitali. Na muulize taratibu kama anadhani kosa ni lake. Mwanangu alikaa mwezi mzima na siri kwamba Kidoti alikufa kwa kuwa yeye alimfungia nje usiku, mvua inanyesha. Nilimkalisha nikamkumbusha kuwa Kidoti alikuwa ameacha kula siku tatu kabla ya usiku ule. Akaniuliza, "Kweli, mama?" Nikamwambia kweli. Akalala.